Mjusi wa Mpira Mlangoni kwa Samaki

Wengi wetu hapa Mombasa tunaovua kwa chambo bandia tuna haraka, na haraka hiyo tumefundishwa na samaki wenyewe. Nguru hafuati chambo kinachozubaa. Kolekole akiona kitu kimesimama hukipita asikiguse, na mzia anataka kitu kinachomkimbia. Baba zetu walirambaza nyuma ya vyombo vyao, tanga limejaa, mshipi umekazana, na huko ndiko tulikoambukizwa imani kwamba chambo kisicho na mwendo ni chambo kilichokufa.

Mimi nataka kuzungumzia chambo ambacho kazi yake kubwa ni kulala chini. Ni mjusi wa mpira laini, mwenye miguu minne na mkia mrefu uliojipinda ncha. Alitengenezwa kwa ajili ya samaki wa maji baridi wa Marekani aitwaye besi, samaki ambaye hayumo baharini mwetu wala hatakuwemo. Hata hivyo hakuna kifaa kilichonifunza kuvua hori ya Tudor, hapa hapa Mombasa, kuliko mjusi huyo, na kila nikimtoa mfukoni lazima mtu asogee aulize. Majibu yangu ya pale ukingoni huwa mafupi kwa sababu maji hayangoji. Hapa nina nafasi.

Tuanze na aliyekusudiwa. Mtu wa Mombasa akiuona mpira ule humkumbuka mjusi wa ukutani anayewinda nondo karibu na taa. Lakini waliouchonga huko Marekani walikuwa na salamanda akilini: kiumbe wa nasaba ya chura, ngozi mbichi isiyo na magamba, anayejificha chini ya majani yaliyooza na mawe ya kando ya maji. Amerika ya Kaskazini ina aina nyingi za salamanda kuliko sehemu yoyote nyingine ya dunia. Afrika iliyo kusini ya Sahara haina hata mmoja. Hilo nitalirudia tukifika Naivasha, kwa sababu linajibu swali ambalo wavuvi hubishana sana: je, samaki huuma kwa kuwa amekitambua kitu, au kwa sababu nyingine?

Chambo cha plastiki laini chenyewe kina umri wa kujulikana. Mwaka 1949, mjini Akron, Ohio, Nick Creme na mkewe Cosma waliitengeneza minyoo ya plastiki nyumbani kwao, wakaimimina katika kalibu, wakapata kitu kinacholegea na kutikisika majini kwa namna ambayo mbao na chuma havingeweza. Kabla ya hapo chambo bandia kwa kawaida kilikuwa kigumu. Samaki akikiuma, alihisi ugumu akakitema papo hapo. Plastiki laini ilimpa mvuvi muda. Samaki huibana, haoni ubaya, huibana tena, na katika nafasi hiyo fupi mvuvi anavuta. Mijusi ilifuata minyoo, pamoja na vyura, kamba na kila kiumbe mtu alichoweza kukichongea kalibu.

Ukiwa na mjusi mkononi, mwangalie mguu. Ni utando mwembamba wa mpira, umeishia kwa kipande kidogo mfano wa jani kilichokunjwa. Mtumbukize ndani ya ndoo ya maji umwache atulie, kisha gusa mshipi kwa kidole kimoja tu. Mwili hautatoka pale ulipo, lakini miguu yote minne itapiga na mkia utajikunjua. Hiyo ndiyo tofauti yake na mnyoo. Mnyoo ili utikisike lazima usogee; mjusi hutikisika akiwa palepale. Kwa samaki ambaye umemtupia chambo nyumbani kwake, kitu kinachohangaika bila kuondoka ni jambo asiloweza kulivumilia.

Na hapo ndipo penye kiini cha habari yote.

Besi dume hujenga kiota. Maji yakipata joto la kutosha, kiasi cha nyuzi 16 kuendelea, hutafuta mahali penye kina kifupi na chini pagumu, akapafagia kwa mkia mpaka duara safi lionekane. Jike huja, hutaga, huenda zake. Anayebaki ni baba. Huyapepea mayai kwa mapezi yake yasifunikwe na tope, na hata vifaranga vikishaanguliwa huendelea kuvichunga kwa siku kadhaa vikiwa kundi moja jeusi. Muda huo wote hula kidogo sana. Hana nafasi ya kuwinda, kwa sababu akigeuka tu kuna samaki wadogo, hasa wale waitwao bluegill, wanaosubiri kuingia na kufagia mayai. Watafiti wa Marekani waliowatazama wamekuta kwamba dume akiondolewa kiotani, wezi huingia ndani ya dakika chache.

Sasa mtupie samaki huyo mjusi wa mpira, atue katikati ya kiota. Hatamla. Atamwendea, atainamisha kichwa amtazame, kisha atambeba mdomoni na kumtoa nje ya nyumba yake, amteme. Mvuvi ana muda wa kubebwa huko tu. Wavuvi wa kusini mwa Marekani wanalijua hili vizuri, na ndiyo sababu mijusi yao hutoka mifukoni zaidi majira ya kuchipua, wakati wa viota. Wahenga wetu walishasema, hasira za mkizi tijara ya mvuvi. Sijui mfano mwingine wa uvuvi unaoingia ndani ya methali hiyo barabara kuliko huu.

Lakini tijara hiyo ina gharama, na mimi nina msimamo juu yake. Dume akitolewa kiotani akatiwa kwenye ndoo, umechukua samaki mmoja na kizazi kizima. Ukimrudisha majini haraka, palepale ulipomtoa, ana nafasi ya kufika nyumbani kabla ya wezi hawajamaliza. Ukimpeleka upande wa pili wa ziwa kwa ajili ya picha, hana. Wapo wavuvi Marekani wasiotupa chambo kabisa penye kiota wanachokiona, na mimi niko upande wao. Mjusi anavua vizuri hata pasipo na kiota, na hilo nililithibitisha Naivasha.

Besi waliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929, kwa ajili ya michezo ya uvuvi ya walowezi. Kwa mtu wa pwani ni safari: treni mpaka Nairobi, kisha matatu kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, mpaka unapofika kwenye ziwa lililo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baridi ya asubuhi ikikuuma masikio. Maji hayana chumvi, hayapwi wala hayajai, na mtu aliyezoea kupanga siku yake kwa mwezi hujikuta hana la kuhesabu. Maji yale yalipanda sana kuanzia mwaka 2020, yakaimeza migunga iliyokuwa nchi kavu. Miti ile imekufa, imesimama ndani ya ziwa ikiwa vigogo vyeupe, na mbayuwayu na minandi wameigeuza vituo. Chini ya vigogo hivyo ndipo besi anapokaa.

Kijana aliyetupeleka kwa mashua alizaliwa kando ya ziwa hilo na alikuwa anawaogopa viboko kwa heshima inayostahili. Alizima injini mbali na mafunjo, akasikiliza kwanza, ndipo akatusogeza kwa kasia. Nilitupa mjusi wa rangi ya kijani iliyoiva penye shina la mgunga, nikaanza kuvuta kwa mazoea ya Mombasa.

"Wacha ilale, kaka," aliniambia. "Usiivute bado."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uone kama umeisahau."

Nikaacha. Mshipi ulikuwa umelegea juu ya maji, umefanya mkunjo mdogo karibu na kigogo. Nilikuwa nautazama mkunjo huo, si fimbo, kwa sababu ndivyo alivyoniagiza. Ukanyooka. Haukustuka, ulinyooka taratibu, kisha mshipi ukaanza kwenda upande wa kushoto, na fimbo mkononi mwangu haikuwa imehisi chochote. Nilikusanya ulegevu kwa rili, nikavuta kwa upande, kwa nguvu, na samaki akaruka nje ya maji akitikisa kichwa, mdomo wazi mpana kiasi cha kuingia ngumi ya mtoto.

Tulipomshika mdomo wa chini ili kumtoa ndoana, niliona kooni mwake ndevu mbili nyekundu zikichungulia. Zilikuwa za kamba wa Louisiana, kamba mwekundu wa maji baridi aliyeingizwa Naivasha mwaka 1970 akawa chakula kikubwa cha besi wakubwa wa ziwa hilo. Samaki yule alikuwa ameshiba. Kamba mzima hajamaliza kuteremka, naye akambeba mjusi.

Hebu lifikirie hilo. Babu wa babu zake waliletwa Kenya karibu miaka mia iliyopita, na tangu hapo hakuna hata mmoja wa ukoo wao aliyewahi kukutana na salamanda. Hakuwa na njaa. Palikuwa kwenye kina, hapakuwa na kiota tulichokiona. Basi aliuma nini? Naamini aliuma kitu kinachotambaa chini, taratibu, mlangoni pake. Kama alikiona kuwa kamba mwingine au mgeni asiyetakiwa, kwa mvuvi ni mamoja. Umbo la mjusi linamsaidia zaidi mnunuzi dukani. Kwa samaki kinachofanya kazi ni mahali pale na ule utulivu. Wapo watakaonipinga kwa hoja ya rangi, nami sikatai kwamba rangi ina nafasi yake: maji meupe mjusi wa kijani au kahawia, maji ya tope na usiku mjusi mweusi, kwa sababu mweusi hutoa kivuli kinachoonekana. Lakini nimewaona watu wana mifuko ya rangi zote za upinde wa mvua na wanavuta mshipi kama wanakimbizwa.

Kumfunga mjusi ni sehemu ninayoipenda, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Mfungo uliozoeleka huitwa mfungo wa Texas. Unapitisha mshipi kwanza ndani ya chubwi, yaani kizito cha kuzamishia mshipi, iliyochongoka mfano wa risasi, ncha ikielekea juu, ili iteleze huru. Kisha unafunga ndoana yenye kiwiko karibu na jicho lake. Ncha ya ndoana unaiingiza puani pa mjusi, katikati kabisa, unaishusha kiasi cha nusu sentimita hivi na kuitokeza kidevuni. Unaivuta ndoana mpaka kiwiko kizame puani, unaigeuza ili ncha ielekee mwili, unapima kwa jicho pale itakapotua, unaukunja mwili kidogo, unaipenyeza tumboni mpaka ichomoze mgongoni. Halafu, na hapa usikimbie, unasukuma ngozi ya mpira mbele kidogo ili ncha ya ndoana izame tena chini yake isionekane. Ukipitisha kidole mgongoni haikukwaruzi. Ukivuta kwa nguvu, inatoboa.

Mjusi akinyooka, umefaulu. Akiwa amejikunja hata kidogo, atazunguka majini, atausokota mshipi, na samaki hatamgusa. Mtoe umrudie. Watu wengi hawamrudii kwa sababu wanaona wanapoteza muda, kumbe kila mtupo wa mjusi aliyejikunja ndio muda uliopotea.

Faida ya mfungo huu ni kwamba mjusi hupita ndani ya matawi, mizizi na majani bila kunasa. Upo pia mfungo wa Carolina, ambapo chubwi nzito hukaa mbele, kisha pete ya kuzuia mshipi usisokotwe, na baada yake kipande cha mshipi cha hadi mita moja ndipo mjusi mwenyewe. Chubwi huburuta chini, mjusi huelea nyuma yake. Huo ni mzuri penye uwanda usio na vizuizi. Mimi siupendi kwetu, kwa sababu chini ya hori zetu hakuna uwanda usio na vizuizi. Kuna magome ya chaza, kamba kuukuu za meli na mizizi.

Mijusi ya Naivasha ilibaki mfukoni mwangu niliporudi, na wazo la kuijaribu Tudor halikutoka kwangu. Lilitoka kwa ami yangu, anayevua mshipi wa mkono tangu kabla sijazaliwa na ambaye hajawahi kununua chambo bandia. Nilimwonyesha baada ya Alasiri, nikamweleza besi na kiota chake. Aliugeuza mpira ule kwenye viganja, akaunusa.

"Na samaki wa maji ya chumvi amjulie wapi mjusi?" aliuliza.

"Ami, hata wa Naivasha hamjui."

Alinyamaza. Kisha akasema neno ambalo limenifaa kuliko maelezo yote niliyowahi kuyasikiliza ya wataalamu wa Marekani: "Basi mpelekee chewa. Chewa naye wa nyumbani. Mngoje mlangoni, maji yakitoka."

Chewa na besi hawana udugu wa karibu, lakini wameishi maisha ya kufanana. Wote wana mdomo mpana na mwili mzito usiopenda mbio ndefu. Wote huchagua shimo, jiwe au mzizi, wakakaa kimya, na windo likipita karibu hufungua mdomo ghafla na maji huingia nalo. Nguru humfukuza anayemla, chewa humngoja. Kwa hiyo yale mazoea yetu ya kurambaza hayamfikii. Unampitishia chambo juu ya kichwa kwa kasi, naye haoni sababu ya kutoka nyumbani.

Ami alimaanisha vile vijito vidogo vinavyoingia ndani ya mikoko. Bahari ikijaa, vijitawi hivyo hufurika, na kaa, kamba wadogo na vifaranga vya samaki huingia ndani ya mizizi kujificha na kula. Ikianza kupwa, wote hao lazima watoke kwa mlango uleule. Chewa wa mikokoni, ambaye mara nyingi ni mchanga wa kilo moja au mbili, hulijua hilo. Hujipanga pale kijito kinapokutana na mkondo mkubwa, nyuma ya mzizi wa mkoko, uso ukielekea maji yanakotoka. Samaki aitwaye kungu hukaa hapohapo, juu kidogo yake.

Usiende na bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa sana. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa wakati wa bamvua hupita mita 3, na yakishuka hushuka kwa nguvu. Mjusi hatalala, atasombwa mpaka mashinani anase. Maji mafu, siku maji yanapojaa na kupwa kidogo, ndiyo yake. Mkondo ni mwepesi, chubwi ya gramu 10 inatosha, na unaweza kumtupa juu ya mlango wa kijito, ukamwacha maji yamsukume taratibu mpaka aangukie pale pembeni penye kivuli. Kisha huvuti. Unagusa mshipi kwa kidole, miguu ipige. Unangoja. Unagusa tena.

Kuuma kwa chewa si kwa besi. Mshipi haunyooki kwa upole. Unasikia pigo moja zito, na wakati unalisikia, yeye tayari amegeuza kichwa kurudi shimoni. Akifika ndani hufungua matamvua, hujibana ukutani, na hapo utakata mshipi mwenyewe. Kwa hiyo yale ya Naivasha ya kukusanya ulegevu kwanza hayafai huku. Mshipi uwe umenyooka muda wote, fimbo iwe ngumu, mshipi wenyewe wa kilo 15 au zaidi, na mita ile ya kwanza usimpe hata inchi. Ukimshinda mita ya kwanza umemshinda.

Maadui wa mjusi katika maji ya chumvi ni wa aina yake. Wa kwanza ni samaki aitwaye bunju. Huyu hukata. Unahisi kugongwa kidogokidogo, unavuta, hakuna kitu. Unamtoa mjusi unakuta mkia umekatwa nusu duara, safi, na mguu mmoja haupo. Akishafika bunju, hama. Wa pili ni chumvi: ndoana zilizotengenezwa kwa ajili ya maziwa huota kutu usiku mmoja, na kutu ile huuchafua mpira kutoka ndani. Nunua ndoana za baharini, na ukifika nyumbani zioshe kwa maji yasiyo na chumvi kabla hujajiosha mwenyewe.

Wa tatu ni joto letu. Mijusi hii ni plastiki ya PVC iliyolainishwa kwa mafuta maalumu. Ukiiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani mchana wa Januari, utakuta donge. Hata bila jua, ukichanganya rangi kwenye kisanduku kimoja, nyeusi itaichafua ya kijani, na mafuta yale yanaweza kuyeyusha kisanduku chenyewe kama ni cha plastiki isiyohimili. Iache kwenye mfuko wake ilimotoka, kila rangi peke yake, imelala imenyooka. Mkia uliokunjwa kwa wiki moja katika joto la Mombasa haunyooki tena, na mjusi mwenye mkia uliokufa hana kazi.

Aliyechanika pua hatupwi. Washa kiberiti cha gesi, pitisha mwali upesi kwenye pande zote mbili za mpasuko mpaka zing'ae, zibane pamoja, tia majini. Pua huwa ngumu kuliko ilivyokuwa mpya. Fanya hivyo nje, penye upepo, na usivute moshi wake. Wapo vijana wanaoyeyusha mabaki kwenye sufuria ya jikoni ili kumimina upya. Hilo nawasihi waache, kwa sababu mvuke wa plastiki ile ni sumu na sufuria haifai tena kwa chakula.

Na aliyechakaa kabisa asibaki majini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na wengi wetu tulishangilia kwa sababu tulikuwa tumeiona ikining'inia kwenye mikoko baada ya kila mvua. Sasa mimi ninayeshangilia nikitupa mpira uliochanika kwenye mikoko ileile, nimeshangilia nini? Mpira laini hauozi. Samaki akiumeza hukaa tumboni, na mafuta yakitoka unaweza kuwa mgumu zaidi. Nina mfuko mdogo wa kitambaa unaoning'inia kiunoni; kila kipande, hata mguu uliotemwa na bunju ukielea karibu, huingia humo.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Uvuvi wa michezo unahitaji kibali cha serikali, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, ile iliyotengwa mwaka 1986 upande wa Nyali na Bamburi, hairuhusiwi kuvua kabisa. Tudor haimo ndani ya hifadhi hiyo. Hata hivyo chewa wana jambo ambalo kila anayewavua anapaswa kulijua: wengi wao huanza maisha wakiwa majike, na baadhi hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Wale wadogo wa mikokoni hawajafika hata umri wa kutaga, na wale wakubwa wa nje ndio madume waliosalia. Mimi huchukua mmoja wa kutosha sahani ya nyumbani, wadogo huwarudisha, na mkubwa sana nikimpata pia humrudisha, ingawa ami hanielewi kwa hili na tumeshabishana mpaka chai ikapoa. Hoja yake ni kwamba riziki hairudishwi. Ninamheshimu, naye anaijua bahari kuliko nitakavyoijua, ila siku hizi yeye mwenyewe anasema chewa wa kujaza kikapu hawaonekani tena palipokuwa pake, na mimi nauona uhusiano baina ya mambo hayo mawili.

Kama wataka kuanza, usinunue mijusi mingi. Kwa Naivasha chukua ya sentimita 15, kijani kilichoiva na nyeusi, chubwi ya gramu 7, na umtafute mtu wa huko mwenye mashua anayewajua viboko. Kwa Tudor ile ya sentimita 15 ni mikubwa mno kwa chewa wa mikokoni. Ya sentimita 10 inatosha, kahawia, na ukiipata yenye chumvi ndani yake ni bora, kwa sababu huzama upesi na samaki huibana kwa muda mrefu zaidi. Kwa changu usijisumbue nayo. Changu anataka ngisi au kamba mbichi, na hapo ami yangu atakushinda kila siku ya Mungu. Tazama kalenda ya mwezi, chagua siku za maji mafu, fika ukingoni maji yakiwa bado yamejaa ili uione milango ya vijito kabla haijaanza kutoa, na mtupo wa kwanza uwe kwenye mlango ulio karibu nawe kabisa, kabla hujatia mguu majini.